Jina Lake Madeleine



Mwaka 1862 mchoraji Mfaransa Ingres, akiwa na umri wa miaka 82, alikamilisha picha ya wanawake wa Kituruki walio uchi katika hamamu. Hakuwahi kufika Uturuki. Habari hizo alizitoa katika barua za Lady Mary Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliyeingia katika hamamu ya Sofia mwaka 1717. Bibi huyo aliandika wazi kwamba hakuona kwa wanawake wale ishara yoyote ya utovu wa adabu. Ingres akauchukua uchi, akaiacha haya.

Lakini picha inayonisumbua zaidi ni nyingine, wala haikuchorwa na mwanamume. Ni kazi ya Marie-Guillemine Benoist, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1800 kwa anwani isemayo tu “Picha ya mwanamke Mnegro”, na leo imo katika jumba la makumbusho la Louvre. Mwanamke mweusi ameketi, kilemba cheupe kichwani, vazi limeshushwa hata titi moja li wazi. Anatutazama machoni kwa utulivu. Wapo wanaoisifu picha hii kuwa tangazo la uhuru, kwa kuwa Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794. Nakubali kwamba uso ule umechorwa kwa heshima. Hata hivyo, mwaka 1808 Benoist huyo huyo alimchora Pauline Borghese, dada wa Napoleon, mtawala aliyeurudisha utumwa huo mwaka 1802. Pauline amevikwa gauni la fahari, na jina lake limehifadhiwa. Mkono ni ule ule. Mizani ndiyo iliyokuwa mbili.

Ilipita miaka zaidi ya mia mbili. Mwaka 2019, katika maonyesho ya jumba la Orsay mjini Paris, picha ile ilipewa anwani mpya: Picha ya Madeleine. Alikuwa ametoka kisiwa cha Guadeloupe, mtumwa wa zamani, mtumishi katika nyumba ya shemeji yake mchoraji.

Basi jina lile halikuwa siri. Bila shaka lilitamkwa kila siku, maji yalipotakiwa, mlango ulipobishwa, labda hata saa ile alipoambiwa aketi mbele ya turubai. Aliyeandika orodha ya maonyesho ndiye hakuona haja ya kuuliza.