Mwenye Nyumba Yake Hana Haraka

Yako maneno ambayo hurudiwa mara nyingi hata yakadhaniwa kuwa ni hekima, na kumbe ni uvivu wa fikira tu. Mojawapo ni hili: kwamba safari ndefu ya jamaa nzima, wakubwa kwa wadogo, katika basi lililogeuzwa kuwa nyumba, ni mchezo wa watu wasio na kazi. Nililisikia neno hilo kwa jirani yangu, siku alipoona basi kuukuu limeegeshwa uani kwetu na mafundi wanaling'oa viti. Alicheka akasema, "Mwalimu, hata wewe umeingiwa na Uzungu?" Sikumjibu siku ile, kwa kuwa nilikuwa sijasafiri bado, na asiyesafiri hana hoja ila tamaa. Leo nimekwenda na kurudi. Namjibu yeye, na pamoja naye wote wanaofikiri kama yeye.

Dai langu ni fupi. Mtu anayechukua nyumba yake hana haraka ya kufika, na haraka ndiyo iliyotunyima nchi yetu, ikatunyima mazungumzo ya wazee wetu, na mara nyingi mno ikatunyima uhai wenyewe.

Kwanza msomaji aelewe tunazungumza juu ya kitu gani. Basi letu lilikuwa la abiria 29, mali ya kaka yangu, lililokwisha kustaafu katika kazi ya kubeba watu. Tuliacha viti 9 vya mbele pamoja na mikanda yake, kimoja kwa kila msafiri, vingine vyote tukavitoa. Seremala alitengeneza vitanda vya mbao vya kupandana, akavikaza sakafuni kwa skrubu. Pipa la maji liliwekwa chini, karibu na katikati ya gari, lisije likaliyumbisha penye kona. Mtungi wa gesi ulifungwa wima mahali penye hewa, na ikawa amri kwamba ufungwe kabisa kabla injini haijawashwa. Mstari wa manjano, ambao ni alama ya magari ya abiria, tuliufuta kwa rangi nyingine. Gari likakaguliwa na kusajiliwa upya kwa matumizi ya nyumbani. Hata hivyo, katika kila kituo tulichopita watu walitupungia mkono wakitaka kupanda, na mama yangu akawapungia wote kwa furaha, akidhani wanamsalimu.

Tulikuwa watu 9: mama yangu, kaka yangu aliyeshika usukani, dada yangu na binti yake, mke wangu na mimi, na watoto wetu 3. Katika likizo ya Agosti tuliondoka Nairobi, tukapita Nanyuki na Isiolo, tukaenda Marsabit hadi Moyale mpakani mwa Ethiopia, mwendo wa kilomita karibu 800. Kabla ya lami kufika huko katika miaka ya 2010, wasafiri wengi walipanda juu ya malori, pamoja na mizigo na mifugo. Siku hizi basi la abiria huweza kuumaliza mwendo huo kwa siku moja. Sisi tuliumaliza kwa siku 8, wala sijutii hata moja.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ile ya jirani yangu, kwamba jambo hili ni Uzungu. Ni kweli kwamba huko Marekani wako watu wanaonunua mabasi ya manjano ya shule, yakiisha kustaafu, wakayageuza nyumba na kuzunguka nayo nchi yao. Lakini anayesema kwamba nyumba isafiriyo ilizaliwa huko hajafika Bubisa, kaskazini ya mlima Marsabit. Wagabra wa pande zile, na Warendile walio kusini-magharibi yao, wamekuwa wakihama na nyumba zao tangu zama za mababu. Nyumba ya Mgabra ni ya fito zilizopindwa, zikavikwa mikeka na ngozi. Malisho yakiisha, wanawake, ambao ndio waijengao, huifungua na kuipakia juu ya ngamia, kisha huisimamisha tena penye malisho mapya. Pale Bubisa bibi mmoja alichungulia ndani ya basi letu, akatazama vitanda, jiko na pipa la maji, halafu akamwambia mama yangu kwa kinywa cha kijana aliyetufasiria, "Kumbe na nyinyi mna ngamia!" Basi jirani yangu na anieleze: bibi yule alijifunza Uzungu kwa nani?

Tumezoea kumhurumia mhamaji, kana kwamba anatangatanga kwa kukosa akili ya kukaa mahali pamoja. Sivyo. Mhamaji huenda kwa hesabu ya mvua, majani na visima, na hesabu hiyo ikikosewa mifugo hufa. Mwenye kutangatanga ni yule apitaye mbio katika nchi asiyoijua, macho yake yakiwa kwenye saa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, wala siwezi kuicheka: kwamba barabara zetu zinaua. Zinaua kweli. Katika mwaka 2023 pekee watu zaidi ya 4,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini Kenya. Mwaka 2004, wakati John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, serikali ililazimisha magari ya abiria yafungwe mikanda, na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kanuni zile zilikuwa njema. Lakini kidhibiti mwendo hufungwa katika gari. Hakifungwi katika moyo wa mtu aliyechelewa. Dereva aliyeahidi kufika alfajiri, abiria anayemhimiza aongeze mwendo, na baba anayewapeleka wanawe mashambani usiku kucha ili asipoteze siku, wote watatu wanasukumwa na kitu kimoja. Wameacha nyumba nyuma, wanaitafuta nyumba mbele, na katikati hawana pa kulaza kichwa.

Mwenye kitanda chake mgongoni hasukumwi hivyo. Kaka yangu aliweka sheria kwamba ikifika saa 11 jioni usukani unapumzika, hata tukiwa tumebakiza kilomita 10. Siku ya tatu gurudumu lilitoboka karibu na Laisamis, na kulishughulikia kukala mchana wote. Lau tungalikuwa katika gari la kawaida, tungalikimbizana na giza ili tulale Marsabit. Badala yake tuliegesha pale mjini, mahali penye taa na watu, tukala ugali na maharagwe yaliyoungua kidogo, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Usiku huo binti yangu alimwuliza nyanya yake kwa nini hajui kusoma. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba alikuwa darasa la 3, tena wa kwanza darasani, alipotolewa shuleni ili karo iliyokuwapo imtoshe kaka yake. Alisema aliendelea kwenda hadi uzio wa shule kila asubuhi, kwa muda wa mwezi mzima, akisikiliza wenzake wakisoma kwa sauti. Mimi ni mwanawe, tena ni mwalimu. Nilijua ya kuwa mama yangu hakusoma. Sikujua ya kuwa alisimama kwenye uzio. Kwa miaka zaidi ya 30 nimekwenda kwake na kurudi, mbio mbio, nikaacha sukari na majani ya chai, wala sikupata kukaa naye mahali ambapo hapakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Waniambie wapinzani wangu: kufika mapema Marsabit kungalinipa nini kilichozidi hiki?

Hoja ya tatu hutoka kwa walimu wenzangu na kwa wazazi wenye hofu. Wanasema likizo ni wakati wa masomo ya ziada, na kwamba mtoto anayezurura barabarani ataachwa nyuma na wenzake. Nawakumbusha kwanza kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza masomo ya likizo. Lakini sitaki kujificha nyuma ya sheria. Nauliza: mtoto ataachwa nyuma katika nini? Mwanangu wa miaka 13 alikuwa amekariri maana ya mvua ya milima, akaiandika katika mtihani, akapata alama zake zote. Tulipokwea Marsabit kutoka katika ile nchi kame ya mawe meusi, alikuta msitu wa kijani, ukungu umeshuka kwenye matawi, na baridi inayodai sweta. Alisimama kimya, kisha akasema, "Baba, kumbe ndiyo hii." Neno hilo "kumbe" ndilo mwanzo wa elimu yote, wala halipatikani kwa kukariri. Siku hiyohiyo alikumbuka sanamu ya ndovu Ahmed aliyoiona katika jumba la makumbusho la Nairobi, akatambua kwamba huu ndio msitu wake: hapa ndipo Ahmed alipoishi, akalindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, na hapa ndipo alipofia mwaka 1974. Somo la historia, la jiografia na la sayansi yalikutana mlimani bila kengele kulia.

Iko hoja nyingine, kali kuliko hizo zote, ambayo wapinzani wangu hawakuitaja. Nitaitaja mwenyewe, kwa maana mwenye kutetea jambo hana budi kukiri aibu yake. Siku mbili za kwanza mke wangu alipika, akaosha vyombo, akatandika vitanda, akafua, na sisi wengine tukatazama milima dirishani na kuisifu. Jioni ya siku ya pili aliniambia kwa upole, "Baba Neema, nyinyi mko safarini. Mimi nimehamishwa jiko tu." Sikuwa na jibu. Nyumba ikisafiri husafiri na dhuluma zake zote, na pengine huzidi, maana humo ndani hamna pa kuzificha. Tuliandika zamu kwenye karatasi, tukaibandika juu ya mlango: kupika, kuosha, kuteka maji, kufagia, wanaume na wavulana sawasawa na wengine. Zamu ya kwanza ilimwangukia kaka yangu, na hiyo ndiyo sababu ya maharagwe ya Laisamis kuungua. Tulirudi nyumbani na karatasi ile, nayo ingali ukutani jikoni. Msomaji wa kiume asije akadhani naandika habari za basi tu.

Na gharama je? Mafuta ni ghali, sikatai. Ndiyo yaliyokula fedha zetu nyingi. Lakini chakula tulikinunua masokoni na kukipika wenyewe, na vyumba vya hoteli hatukuvilipia. Najua pia kwamba jamaa nyingi hazina basi wala kaka mwenye basi. Kwao nasema, asiye na basi na aazime kanuni yake: safiri mchana, kata safari yako vipande viwili, lala kwa jamaa aliye njiani ambaye hujamwona miaka mingi, na usiku keti na wazee uwasikilize. Ninalolitetea si bati na magurudumu. Ni utulivu wa moyo uliomo ndani yake.

Namaliza kwa jambo lililotupata Moyale. Tuliingia dukani kununua sukari, na mwenye duka, mzee mwenye ndevu nyeupe, akatuuliza kwa ukarimu mwingi, "Kenya hamjambo? Mmeiachaje?" Binti yangu alinivuta shati, akanong'ona, "Baba, kwani hapa si Kenya?" Mzee alisikia, akacheka, ila si kicheko cha furaha. Nilimweleza mtoto kwamba serikali ya kikoloni iliifunga nchi ya kaskazini kwa sheria ya mwaka 1902, hata mtu asiweze kuingia wala kutoka pasipo kibali, na kwamba watu wa huko walizoea kuita "Kenya" ile nchi iliyo upande wa pili wa kizuizi. Mtoto akauliza, "Na sasa kibali kipo?" Nikasema hakipo. "Basi mbona watu wa kwetu hawaji?"

Hilo ndilo swali ninalowaachia nyinyi vijana mnaosoma kurasa hizi, kwa maana sisi wakubwa tumeshindwa kulijibu. Kizuizi cha mkoloni kiliondolewa. Kilichobaki ni haraka yetu, nayo imeifunga nchi vilevile. Mtakapokuwa na magari yenu, na njia zikawa za lami kila upande, mtaweza kuipita Kenya nzima bila kuisalimu. Msifanye hivyo. Mkiona njiani basi kuukuu linalokwenda polepole, lina mapazia madirishani na moshi wa chai unaotoka nyuma, msilicheke. Huenda humo ndani yumo nyanya wa mtu anayeanza kusimulia jambo ambalo hajapata kuulizwa maishani mwake.