Tiba ya kifua kikuu yafaa iwe ile mgonjwa anayoweza kuimaliza

MKULIMA wa chai wa Othaya anapoambiwa ana kifua kikuu sugu, hulazimika kuhesabu miezi atakayotumia kwenda na kurudi hospitalini Nyeri mjini. Hesabu hiyo ndiyo inayowashughulisha pia wanakemia wanaounda dawa mpya.

Kenya ina sababu ya kuifuatilia kazi yao. Thiasetazoni, tembe ya bei nafuu, ilitumika nchini kwa miaka mingi. Mwaka wa 1991, utafiti uliofanywa Nairobi ulibainisha kuwa takriban asilimia 20 ya wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi waliopewa tembe hiyo walipata madhara ya ngozi, na baadhi wakafariki. Urahisi wa bei haukuwa kigezo cha kutosha.

Ndipo ikaja bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2012. Dawa hii huzima mtambo unaoipa bakteria nguvu, mbinu ambayo haikuwa imetumiwa na dawa nyingine ya ugonjwa huu. Hata hivyo, molekuli yake hushikamana na mafuta ya mwili, ikasalia humo kwa miezi kadhaa, na yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Wanakemia waliirejea, wakabadilisha baadhi ya sehemu zake na kupata TBAJ-876. Inashambulia mtambo uo huo, lakini katika maabara ilionyesha makali zaidi kwa bakteria na athari ndogo kwa moyo. Tayari imefikia majaribio kwa wagonjwa.

Manufaa ya utafiti wa aina hii si ndoto. Awali, kutibu kifua kikuu sugu kulichukua miezi 18 hadi 24, pamoja na sindano zilizowaacha baadhi ya wagonjwa viziwi. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mseto wa dawa nne, bedakwilini ikiwemo, kwa miezi sita bila sindano.

Ikumbukwe kwamba mwaka wa 2010 wagonjwa walitupwa gerezani Kapsabet kwa kukatiza tiba, hatua ambayo Mahakama Kuu iliiharamisha Machi 2016. Mgonjwa aliadhibiwa, ilhali urefu wa tiba yenyewe ulikuwa sehemu ya kosa.

Bado kuna pengo. Anayetumia bedakwilini huhitaji kupimwa moyo kwa mashine, hivyo mkazi wa Narumoro hulipa nauli hadi hospitali kubwa. Molekuli isiyosumbua moyo ingeweza kutolewa katika zahanati iliyo karibu naye.