Plasta Inavyokula Faida ya Tofali la Kufungamana

Mtu anayefikiria kujenga kwa tofali la kufungamana, ambalo mafundi wengi wanaliita intaloki, huanza kwa kuuliza bei ya tofali moja, na hapo ndipo hesabu inapompotea. Tofali hilo kwa vipimo vilivyozoeleka Tanzania, yaani sentimita 30 kwa 15 kwa 10, huhitajika kama 33 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Tofali la mchanga na saruji la inchi 6 hutosha 9 au 10 tu. Tuseme mfuko wa saruji wa kilo 50 umetoa matofali 80 ya kufungamana, kiwango cha kawaida udongo ukiwa mzuri, na mfuko kama huo umetoa 35 ya mchanga. Mita moja ya ukuta wa kufungamana itakuwa imemeza kilo 20 za saruji, na ya mchanga kilo 14 hivi. Kwa hesabu hiyo tofali linalosifiwa kwa unafuu ndilo ghali! Lakini ukuta wa mchanga bado haujakamilika. Unadai mota katikati ya kozi, kisha plasta ndani na nje, na kwa makadirio ya kawaida hiyo ni saruji ya kilo 13 au 14 zaidi, mbali na mchanga, maji na siku za fundi. Sasa mizani inageuka: 20 dhidi ya 27 au 28.

Kwa hiyo faida ya tofali hili imo katika kazi ambazo ukuta wake unaziruka. Tofali lina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, na hukaa juu ya mwenzake bila mota. Kozi ya kwanza tu ndiyo hulazwa kwenye mota, nayo lazima ipimwe kwa pima maji bila haraka, kwa sababu kosa la milimita chache pale chini hupanda na ukuta mpaka kwenye lenta. Matundu ya katikati hupitisha nyaya za umeme, na panapohitajika nguvu hupitisha nondo na zege. Sura ya tofali inatosha kuwa sura ya nyumba. Mwenye nyumba akiupiga plasta ukuta huo pande zote mbili, ameirudisha saruji aliyoiokoa na pengine kuongeza kidogo, kisha atawaambia majirani kwamba teknolojia hii haina unafuu wowote. Maneno ya namna hiyo hayakosekani mitaani, na kwa hesabu ya mfuko wake mwenyewe msemaji yuko sahihi.

Kwa nini basi watu wanaliziba? Kwa sababu limetokana na udongo, na udongo kwetu umebeba historia ya umaskini. Mtu aliyekulia katika nyumba ya fito na matope hataki kuiona tena rangi yake sebuleni. Sidhani kejeli zitasaidia hapa. Hofu hiyo ina msingi pia wa kiufundi, maana tofali lililofyatuliwa kwa udongo usiofaa, au lililonyimwa saruji, hulika kwa mvua ya kusi kama sukari. Tofali hili ni udongo uliokandamizwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo tu, likafunikwa na kumwagiliwa maji kwa wiki nzima au zaidi ili likomae. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa Shinyanga na Simiyu unaovimba masika na kupasuka kiangazi, haufai kutumika peke yake. Mchanga mtupu wa pwani nao haushikani. Udongo mwekundu wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kiasi ndio unaotakiwa, na mara nyingine unapatikana kwenye kiwanja chenyewe, jambo linalofuta gharama ya lori.

Hoja ya mazingira husemwa sana, nami naikubali kwa tahadhari. Iringa, Mbeya, Morogoro na Kigoma zimejengwa kwa kiasi kikubwa na tofali la kuchoma, na tanuru halili kitu kingine kwa wingi kama kuni. Serikali imekuwa ikitaja hekta 469,420 za misitu kuwa zinapotea kila mwaka. Kilimo na mkaa vina sehemu kubwa zaidi katika hasara hiyo, hivyo kumbebesha mchoma matofali lawama yote si haki. Hata hivyo mti uliochomwa ili kukausha udongo ni mti uliokuwa na mbadala, tofauti na kuni za kupikia ugali. Wapo wanaouliza wachomaji wataishi vipi. Jibu ni kwamba kufyatua ni kazi ileile ya mikono, ya watu wanne au watano kwenye mashine moja, ila mashine hawana.

Mashine nazo zilishajaribiwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelinadi tofali hili kwa miaka mingi, na Shirika la Nyumba la Taifa liliwahi kugawa mashine kwa vikundi vya vijana katika halmashauri. Nia ilikuwa njema, lakini mashine haimpi kijana mteja wala haimfundishi mteja kuacha plasta. Soko la kwanza lingetoka serikalini. Mwaka 2021, katika mpango uliogharimiwa na mkopo wa UVIKO-19, yalipangwa madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, mengi kwa utaratibu wa fosi akaunti ambapo shule yenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi wa jirani. Ujenzi mkubwa wa namna hiyo ungewaweka mafundi wa kata nzima kazini kwa tofali moja, na wazazi wangeukagua ukuta usio na plasta mvua baada ya mvua kabla ya kuujenga kwao.

Atakayepinga atasema majengo ya umma si mahali pa kujaribia, na atakumbusha tetemeko la Kagera la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoangusha nyumba na madarasa. Ni kweli kwamba ukuta uliopangwa bila mota na bila nondo hauna la kujivunia mbele ya tetemeko. Lakini nondo zikishuka kwenye matundu ya pembeni na kando ya milango, na lenta ikauzunguka ukuta wote, hali inakuwa nyingine. Hilo ni suala la mchoro na msimamizi, kama ilivyo kwa tofali lolote.

Kinachobaki kwa kamati ya ujenzi ni kuupima udongo kabla ya kuagiza mashine. Kipimo chenyewe ni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4, kinachojazwa udongo uliolowana na kuanikwa mpaka ukauke. Udongo ukijivuta kidogo, saruji kidogo inatosha. Ukijivuta sana, saruji iongezwe au mchanga uchanganywe. Seremala wa kijijini anakitengeneza asubuhi moja.