Kware hawajui mpaka: Busia na Malaba zahitaji msimu mmoja wa uwindaji

SERIKALI za Kenya na Uganda zimefaulu kuunganisha forodha zao. Tangu Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wazindue rasmi kituo cha pamoja cha Busia mnamo Februari 2018, msafiri huhudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Malaba nako, ambako malori ya masafa marefu hupanga foleni, utaratibu ni huo huo.

Hata hivyo, wako wasafiri ambao sheria zinazowahusu hazijawahi kuketi pamoja. Hao ni wanyamapori, na hasa kware, ndege mdogo ambaye Waluo humwita aluru na Waluhya isindu.

Kware hufuata mvua. Masika yanapoanza na nyasi kuchipua, huja kutaga na kulea vifaranga katika mashamba ya magharibi mwa Kenya. Wakati huo huo ndipo wategaji hutoka. Kware aliyefugwa hutiwa katika kitundu kinachoangikwa juu ya mlingoti mrefu, naye akilia huwaita wenzake, ambao hunaswa kwa mitego iliyotandazwa chini. Ni ujuzi wa vizazi vingi, na kwa jamaa maskini ni kitoweo na pia fedha za matumizi.

Je, sheria yasemaje? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo Mei 1977. Kabla ya hapo mwindaji alikuwa na leseni yenye masharti. 

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilikaza uzi zaidi. Kama ilivyopitishwa, hata anayewinda ili apate chakula alikabiliwa na faini isiyopungua Sh30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita.

Uganda ilifuata njia nyingine. Ilifunga uwindaji mnamo 1979, lakini sheria yake ya 1996, iliyounda Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA), iliacha mlango wazi kwa kutambua haki za kuwatumia wanyamapori kwa kibali. Mnamo 2001 majaribio ya uwindaji wa kitalii yalianza kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, na sheria mpya ya 2019 imeudumisha utaratibu wa vibali.

Lakini mlango huo umemfaa zaidi mgeni mwenye bunduki na dola kuliko mwanakijiji mwenye kitundu. Ziwa Mburo liko mbali na Busia, na anayetega bila kibali upande wa Uganda ni mkosaji vilevile. Wasamia na Wateso, ambao mpaka wa kikoloni uliwagawa kati ya nchi mbili, wanajikuta basi kati ya taifa lililofunga mlango na taifa lililoufungua kwa wengine.

Wanaotetea marufuku ya Kenya wana hoja nzito. Ndovu wa nchi hii walikadiriwa kuwa 167,000 mnamo 1973, na kufikia 1989 walikuwa wamesalia kama 16,000. Leseni zilipotolewa katika mazingira ya ufisadi, ziligeuka kuwa kichaka cha majangili. Hakuna sababu ya kuwarejesha wawindaji wa pembe na ngozi.

Hata hivyo, takwimu hizo hizo zaonyesha kwamba marufuku peke yake haitoshi. Mauaji ya ndovu yaliendelea baada ya 1977. Hali ilianza kubadilika pale Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilipoundwa, doria zikaimarishwa na biashara ya pembe ikapigwa marufuku duniani.

Kware hana mlinzi wa aina hiyo. Hakuna askari wa kutosha kupita kila shamba la mtama kukagua vitundu. Matokeo yake ni kwamba utegaji unaendelea kichinichini, bila kiwango na bila rekodi, tena katika miezi ambayo ndege wanazaana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kenya inajua kwamba kware anaweza kusimamiwa kwa leseni. Wimbi la ufugaji wake lilipovuma kabla ya kuporomoka mnamo 2014, KWS iliwataka wafugaji wachukue vibali. Iwapo mfugaji aliweza kuandikishwa, kwa nini mtegaji asiweze?

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Novemba 1999, katika kifungu chake cha 116 unayataka mataifa wanachama kuwa na sera ya pamoja ya kuhifadhi na kutumia wanyamapori kwa njia endelevu. Pa kuanzia ni hapa mpakani.

KWS, UWA, serikali ya Kaunti ya Busia na wazee wa vijiji vya pande zote mbili waketi pamoja. Wawahesabu ndege, wakubaliane miezi ya kufunga utegaji ili vifaranga wakue, waweke idadi ambayo kila mtegaji aliyesajiliwa hataivuka, kisha wapendekeze marekebisho ya sheria yanayohitajika.

Mtegaji aliyesajiliwa atakuwa wa kwanza kumfichua mwenzake anayevunja msimu, kwa sababu riziki inayoibwa ni yake. Anayesakwa kama mhalifu hana sababu ya kufanya hivyo.