Wizi wa Louvre na maneno ya Kiingereza ya kuangalia mara mbili

Jumapili ya Oktoba 19, 2025, saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za Ufaransa, huku kwetu ikiwa saa nne na nusu, lori lenye ngazi ya kupandishia mizigo lilisimama kando ya jumba la makumbusho la Louvre jijini Paris. Watu wakapanda hadi ghorofani, wakakata vioo kwa grenda, wakashuka na kutokomea kwa pikipiki. Kazi yote haikufika dakika nane. Vilichukuliwa vito vinane vya familia za kifalme za Ufaransa. Cha tisa, taji la Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, lenye almasi 1,354, liliwadondoka wakati wakikimbia.

Habari za namna hii hutufikia studio kwa Kiingereza, na mtangazaji ana dakika chache za kuzigeuza kabla ya taarifa. Siku ile neno lililonisumbua ni "heist". Nikasoma "wizi mkubwa", nikaendelea. Baadaye ujumbe ukaja kutoka kwa msikilizaji wa hapa Iringo, mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza: mtoto ameliona neno hilo, kamusi yao ya nyumbani hailitaji, je, lina tofauti gani na "theft"?

Swali zuri, na jibu lake ni refu kuliko nilivyodhani.

"Theft" ni wizi tu: kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake. "Robbery" lazima iwe na nguvu au vitisho, na mahakama zetu huita unyang'anyi. Kwa kuwa pale Louvre walinzi walitishiwa, neno hilo linafaa. "Burglary" ndilo lenye mtego. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuvunja jengo linalotumika kama makazi na kuingia kwa nia ya kutenda kosa huitwa "housebreaking". Likifanyika usiku ndipo linaitwa "burglary". Uingereza waliondoa sharti la usiku kwa sheria yao ya wizi ya mwaka 1968. Kwa hiyo gazeti la London likiandika "burglary" kwa tukio la saa tatu asubuhi halijakosea, lakini mwanafunzi wa sheria wa hapa akiandika hivyo kwenye mtihani, atakatwa alama.

"Heist" si neno la sheria. Ni neno la mtaani la Wamarekani lililopata umaarufu kupitia filamu, na maana yake ni wizi uliopangwa kwa ustadi, wa mali nyingi, kwenye benki au makumbusho. Ndani yake kuna harufu ya kuwasifia wezi. Huku Mara tumeishi na wizi wa mifugo miaka mingi, na Kiingereza kina neno lake, "cattle rustling". Sijawahi kuona mtu akiandika "heist" kwa ng'ombe arobaini waliotoroshwa usiku, hata kama mpango ulikuwa wa ustadi kuliko ule wa Paris.

Neno jingine ni "priceless". Mwanafunzi anayejua kwamba "-less" ni "bila" atasema vito hivyo havina bei, yaani ni vya bure. Kumbe ni kinyume: vina thamani isiyokadirika. Kisicho na thamani ni "worthless". Na hata hivyo mwendesha mashtaka wa Paris alitaja hasara ya Euro milioni 88, kwa hiyo bei ilipatikana. Kisha polisi walipoanza kukamata watu siku chache baadaye, likaja "suspect". Hapo tafadhali tusicheze: huyo ni mtuhumiwa, hajawa mwizi mpaka mahakama iseme.

Lakini maneno yaliyonifanya niandike makala haya yanatoka kwenye wizi mwingine, wa kwetu.

Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yaliibiwa. Vitu zaidi ya kumi vilitoweka, kimojawapo kinyago cha Kimakonde cha kuvaa usoni. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa Paris na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja akawaeleza wenye makumbusho hayo kwamba walichonacho ni mali ya wizi. Mazungumzo yakaanza na kudumu miaka 20. Mwaka 2006 Tanzania ilifika hadi kwenye kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni. Mwishowe, Mei 10, 2010, pande mbili zikasaini makubaliano Paris na kinyago kikarudi.

Sasa tazama neno la Kiingereza lililotumika kwenye makubaliano hayo: "donation". Yaani Geneva ilitoa, Tanzania ikapokea.

Nilipolisimulia hili hewani, msikilizaji mmoja aliuliza: nikirudishiwa baiskeli yangu iliyoibiwa, nimepewa zawadi?

Naelewa kwa nini neno hilo lilichaguliwa. Aliyenunua anashikilia kwamba alinunua kwa nia njema, na hataki karatasi iseme alikuwa na mali ya wizi. Neno laini liliwezesha saini kupatikana. Pengine bila hilo kinyago kingekuwa Geneva hadi leo. Ila waliosaini ni wao. Mtangazaji hakusaini, naye akisoma "Uswisi yaizawadia Tanzania kinyago", amefuta mwaka 1984 kwa kitenzi kimoja.

Kiingereza hakikosi maneno. "Return" ni kurudisha tu, bila kusema kwa nini. "Restitution" ni kumrudishia mtu kwa sababu ni haki yake. "Loan" ni kuazima: mwaka 2024 mapambo 32 ya Waasante, mengi ya dhahabu, yalifika Kumasi, Ghana, kutoka makumbusho mawili ya London kwa utaratibu huo, mengi yakiwa yaliporwa vitani. Na kuna "acquired", linalopendwa kwenye vibao vya makumbusho. Kwa Kiswahili ni "kilipatikana", na Mswahili akisikia hivyo atauliza mara moja: kwa nani?

Mtu wa Butiama aliujua uzito wa jambo hili. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare inayomhusu mfanyabiashara wa Venisi, hakuandika mfanyabiashara. Aliandika mabepari, na kitabu kikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Wapo wanaosema alipitiliza. Mimi nasema angalau alichagua akiwa macho.

Mkiwapeleka watoto kwenye makumbusho yake pale Butiama, wasomeni nao vibao kwa lugha zote mbili. Waulizeni kila kitu kilifikaje pale, na ni kitenzi gani kinachosema hivyo.