Msiwaambie Mabinti wa Usoke Kwamba Kompyuta Si Yao

Leo naweka mkasi pembeni, nina neno.

Hapa Usoke, wilayani Urambo, ukisema binti yako anataka shahada ya kutengeneza programu za kompyuta, utajibiwa: “Hayo ya vipanga wa PCM, tena wa kiume.” Jibu hilo limenichosha. Wanaolitoa hawajawahi kuyasoma masharti yenyewe.

Basi tuyasome. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kima cha chini cha TCU ni masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4. D ni pointi 2, kwa hiyo D mbili zinafikisha. Vyuo huongeza masharti yao, na kwa kozi za kompyuta nyongeza kubwa huwa Hisabati. Lakini Hisabati haipo PCM peke yake, hata EGM inayo. Aliyeishia kidato cha nne akiwa na D nne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza astashahada, apande stashahada, na akipata GPA ya 3.0 anaomba shahada. Kila chuo kina masharti yake, yasomwe kabla ya kulipa hata shilingi. Na anayetaka kujua kama chuo cha kati kimesajiliwa, aulize NACTVET, asimuulize wakala.

Sasa niambieni, hapo pameandikwa wapi “mwanamume”?

Mlango haufungwi na TCU. Unafungwa mapema, nasi tukiwa tumeshika kitasa. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2023, waliofaulu Hisabati nchi nzima walikuwa kama mmoja tu kati ya wanne. Kidato cha tatu ndipo wengi huacha Fizikia na Kemia, na binti anaziacha bila mtu kumwambia anaacha nini. Msimu wa tumbaku ukifika, kaka anabaki na daftari, dada anaitwa bani kufunga majani. Halafu matokeo yakitoka tunasema wasichana hawana kichwa cha hesabu!

Mimi nina kidato cha nne na kozi ya ushonaji. Kifua cha sentimita 96 nakigawa kwa 4, napata 24, naongeza 2 za kupumulia, ndipo nakata. Mwanafunzi wangu akivuruga hatua moja, anafumua gauni zima. Programu nayo ni hatua zilizopangwa, moja baada ya nyingine. Hata neno algoriti limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Elimu hii si ngeni kwetu, ni sisi tulioifanya ngeni kwa binti zetu.

Wengine watasema: “Mbona kuna vijana wamejifunza kwenye simu, digrii ya nini?” Wapo, na Mungu awazidishie. Lakini kijana huyo ana simu yake, ana bando, ana usiku wake. Binti anayepika, kuchota maji na kulea wadogo zake ataupata wapi usiku huo? Kwake chuo ni zaidi ya cheti. Ni miaka ya kuachiwa asome.

Kwa hiyo wazazi, msimu huu mwacheni shuleni. Walimu, bandikeni masharti ya vyuo ukutani kidato cha pili, si siku ya mahafali. Na sisi wanawake wenye biashara, harusi moja tunashona sare tatu: ya kupeleka posa, ya mkesha, ya siku yenyewe. Mimi ninayekula kwa sare hizo nasema, punguzeni moja. Fedha yake mlipeni mwalimu wa Hisabati awafundishe mabinti wa mtaa wenu Jumamosi.

Nitapoteza wateja kwa neno hili. Sawa tu.