Mji wa Maji Moto Chini ya Mlima wa Moto

Juma hili safari yetu ni ya mbali, ng'ambo ya bahari. Twaenda Ekuador, nchi ya Amerika ya Kusini ambayo mstari wa ikweta hupita ndani yake kama upitavyo katika Kenya. Huko uko mji mdogo wa milimani uitwao Baños de Agua Santa, yaani Mahali pa Kuogea pa Maji Matakatifu. Wageni wengi huufikia kwa safari ya siku moja. Hutoka Quito, mji mkuu, kabla ya jua kuchomoza, wakiwa katika basi dogo pamoja na kiongozi wa safari, na hurudi usiku. Kila upande ni mwendo wa kilomita 180 hivi, kwa saa tatu na nusu.

Wengi huenda kwa ajili ya maji moto tu. Lakini anayetumia macho na masikio yake hurudi na jambo kubwa kuliko nguo za kuogea zilizolowa, nalo ni habari ya watu waliofukuzwa na mlima, wakarudi, kisha wakajifunza kukaa nao.

NJIA YA KUSINI

Quito umejengwa juu sana, meta 2,850 kutoka usawa wa bahari, na mgeni aliyefika jana hutweta akipanda ngazi chache. Kiongozi mwema huwaonya watu wake mapema watembee polepole, wanywe maji mengi, wala wasijaze tumbo kabla ya safari.

Barabara yaelekea kusini katika bonde refu, na milima ya Andes imesimama kuume na kushoto kama kuta mbili. Asubuhi isiyo na mawingu, Cotopaxi huonekana na theluji yake. Mlima huo una meta 5,897, na Kilimanjaro yetu ina meta 5,895. Basi mlima wao umeupita wetu kwa meta mbili tu, urefu wa mlango! Cotopaxi nao ni mlima wa moto. Mwaka wa 1877 ulipolipuka, theluji yake iliyeyuka ikawa mafuriko ya tope yaliyoleta maangamizi mpaka mji wa Latacunga.

Mkulima wa Kenya hatajiona mgeni katika bonde hilo. Atakuta viazi, mahindi, maharagwe na ng'ombe wa maziwa, na tena nyumba ndefu za plastiki ambamo waridi hukuzwa ili yauzwe ng'ambo. Katika soko la maua la dunia, waridi wa Ekuador na waridi wa Naivasha ni washindani.

Baada ya Latacunga basi hufika Ambato. Tarehe 5 Agosti 1949 tetemeko kubwa la ardhi liliuvunja mji huu na miji ya jirani, na watu zaidi ya 5,000 wakafa. Mwaka wa 1951 wenyeji walianzisha sikukuu ya matunda na maua, ili kuonyesha kwamba bado wapo na mashamba yao yazaa, na sikukuu hiyo yaendelea hata leo. Mji wa Pelileo, ulio mbele kidogo, uliharibika kabisa katika tetemeko lile ukajengwa upya mahali pengine. Siku hizi una sifa kwa kushona suruali za jinzi. Ni nchi ya watu waliozoea kuanza tena.

MAJI YATOKAYO CHINI

Kutoka Pelileo barabara huteremka kwa nguvu, hewa ikawa ya joto na mimea ikazidi kuwa kijani, kwa kuwa upande wa mashariki ndiko uanziako msitu wa Amazon. Baños wenyewe uko kwenye meta 1,800 hivi, karibu sawa na Nakuru. Upande mmoja mto Pastaza umekata korongo lenye kina, na upande wa pili mlima Tungurahua wapanda mpaka meta 5,023. Mtu aliye katikati ya mji hakioni kilele chake, kwa sababu yuko miguuni pake hasa. Toka kinywa cha volkeno mpaka mjini ni kilomita nane tu.

Maji moto hutokeaje? Mvua na maji ya theluji hupenya katika nyufa za ardhi na kushuka mbali. Huko chini hukuta miamba iliyopashwa moto na volkeno, nayo yakisha kupata joto hupanda tena kwa nyufa nyingine, yakichukua chumvi na madini ya miamba njiani. Ndiyo maana maji ya Baños yana rangi ya manjano na kahawia. Mgeni hudhani ni machafu, lakini sivyo. Ile ni rangi ya madini.

Mahali maarufu pa kuoga ni Termas de la Virgen, chini ya maporomoko membamba yanayoonekana kutoka mitaani. Mna mabirika ya namna mbalimbali, baadhi yake yakiwa na joto lipitalo digrii 40, na mengine maji baridi ya kutetemesha meno. Desturi ya pale yataka kila mtu aoge kwanza kwa maji ya kawaida na kuvaa kofia ya kuogea ili nywele zisianguke majini. Kisha huanza na birika la uvuguvugu, huingia katika la moto kwa dakika chache, hutoka akajimwagia maji baridi, halafu hurudia. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, na mama mjamzito, yafaa wamwulize daktari kabla ya safari. Wako wanaosema kwamba maji hayo huponya kila ugonjwa. Maji moto hulegeza viungo na kumpa mtu usingizi mzuri, nayo hayo ni manufaa ya kutosha; msomaji asiache dawa zake kwa ajili yake.

Wenyeji nao ni waogaji wakubwa, na wengi hupenda kuja alfajiri, kabla ya kazi, wakati mabasi ya wageni bado yako njiani.

Kanisa kubwa la mji lilijengwa kwa mawe ya volkeno. Ndani yake zimo picha kubwa zenye maandishi, zinazosimulia namna wenyeji waliamini kwamba Bikira Maria aliwaokoa katika moto, mafuriko na ajali. Hata asiye wa dini yao hupata faida kuzitazama, kwa maana ni kama kitabu cha historia kilichobandikwa ukutani, na mlima watajwa humo mara kwa mara.

MWAKA WA 1999

Tungurahua ulikuwa umetulia kwa zaidi ya miaka 70. Wazee waliokumbuka moto wake walikuwa wachache, na vijana waliuona kuwa mlima tu wa kulishia ng'ombe na kupandia viazi. Mwaka wa 1999 ulianza kunguruma, kutoa moshi na kumwaga majivu. Wataalamu wakasema kwamba mlipuko mkubwa waweza kutokea. Mwezi wa Oktoba serikali ya Rais Jamil Mahuad iliamuru watu wahame, na watu zaidi ya 20,000 wa Baños na vijiji vya mlimani wakaondolewa. Askari wakafunga barabara.

Hapo ndipo penye shida ambayo kila mkulima ataielewa. Watu waliacha ng'ombe, kuku, mahindi shambani, maduka na hoteli. Walilala katika majumba ya shule na kwa jamaa. Tena mwaka ule nchi ilikuwa katika taabu kubwa ya fedha, na mwezi wa Machi serikali ilikuwa imezuia akiba za watu katika benki. Aliyekuwa na fedha hakuweza kuzitoa. Asiyekuwa nazo hakuwa na kazi. Majuma yakapita, mlima ukaendelea kunguruma, lakini mji haukuangamia.

Tarehe 5 Januari 2000 wenye mji waliamua kurudi. Walikwenda kwa wingi, wakapambana na askari waliowazuia, wakapita, wakaingia katika nyumba zao zilizojaa majivu.

Je, ni nani aliyekuwa na haki? Serikali ilitaka kuokoa roho za watu, na wataalamu hawakusema uwongo, kwa maana hakuna awezaye kutaja siku na saa ya mlipuko. Wananchi nao waliona kwamba mtu aweza kufa kwa njaa na unyonge kambini kama awezavyo kufa kwa moto. Kosa lilikuwa kwamba pande hizo mbili hazikuwa na njia ya kusemezana. Amri ilishuka kutoka juu, na habari za watu wa chini hazikupanda.

WAKULIMA WENYE REDIO

Baada ya watu kurudi, njia hiyo ilitengenezwa. Watu wa kujitolea wakachaguliwa katika vijiji vilivyouzunguka mlima, wengi wao wakulima, wakapewa redio za kusemea na kufundishwa mambo ya kutazama: rangi na urefu wa moshi, mshindo, majivu yaanguka wapi, tope lashuka katika korongo gani. Kwa Kispania waliitwa vigías, yaani walinzi. Wataalamu wa chuo kikuu cha ufundi cha Quito wakaweka kituo chao ng'ambo ya bonde, mkabala wa mlima, na kwa miaka mingi, saa mbili usiku kila siku, walinzi hao waliitwa mmoja mmoja kwa redio ili watoe habari.

Mitambo ya wataalamu ilisikia mitikisiko ya chini ya ardhi. Macho ya mkulima yaliona lile ambalo mtambo haukuweza kuliona. Tena mtaalamu aliposema kuna hatari, habari ilifika kijijini kwa kinywa cha jirani anayejulikana, si kwa mtutu wa bunduki. Mjini mishale ya kuonyesha njia za kukimbilia ikachorwa, na ving'ora vikawekwa.

Mwaka wa 2006 jambo hilo lilijaribiwa. Mwezi wa Julai, na kwa nguvu zaidi usiku wa tarehe 16 Agosti, Tungurahua ulilipuka, na mawingu ya moto na mawe yakashuka katika makorongo ya upande wa magharibi. Katika kijiji cha Palitahua watu kadhaa walikufa, na nyumba na mashamba mengi yakaharibiwa. Lakini vijiji vingine vilivyokuwa katika njia ya moto vilikuwa vimekwisha hamwa, kwa kuwa walinzi walipiga redio na majirani wakawasikia. Mlima uliendelea kuwaka na kupoa mpaka mwaka wa 2016, ndipo ukatulia.

Alasiri kiongozi huwapeleka wageni juu ya mji, penye kibanda kilichojengwa juu ya mti, na bembea itokayo nje ya ukingo wa mlima. Mabembea ya namna hiyo yamekuwa mengi siku hizi, na wageni hungoja kwa safu ili wapigwe picha wakielea angani. Wengi hawajui kwamba kibanda cha kwanza kilikuwa cha mmoja wa walinzi wale, nacho kilijengwa kwa kuutazama mlima, wala hakikuwa cha mchezo.

Kabla ya kurudi wageni hupita mitaani wanunue peremende iitwayo melcocha. Hutengenezwa kwa sukari ya miwa iliyochemshwa, nayo huvutwa na kukunjwa tena na tena juu ya kigingi cha mti mlangoni mwa duka, mpaka rangi yake ya kahawia igeuke kuwa nyeupe. Yafaa kununua, kwa maana mji huu hula kwa mikono ya wageni. Joto lile lile litishalo nyumba ndilo lipashalo maji, na maji ndiyo yalipayo karo za watoto.

NENO LA MWISHO

Sisi pia twakaa na majirani wakali. Wako wanaolima kando ya mito ifurikayo, na wako wanaojenga chini ya miteremko ambayo huporomoka wakati wa masika. Si rahisi kumwambia mtu ahame shamba alilorithi kwa baba yake, na kumwacha bila habari nako ni vibaya. Watu wa Baños wametuonyesha kwamba mkulima anayejua kusoma na kuandika aweza kuwa jicho la taifa. Apime mvua yake, aangalie nyufa za kilima chake na rangi ya mto wake, aandike tarehe, na apeleke habari kwa mwenye kazi hiyo. Naye mwenye kazi hiyo, aliyekaa ofisini, apokee habari hizo kwa heshima, hata kama zimeandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi ya daftari. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga.

Kwaherini mpaka juma lijalo.